Ulialikwa au Ulitumwa?

Mimi nimechoka, na nasema mapema ili msije mkasema sikusema. Mwaka wa kumi na moja huu nakaa kwenye meza iliyo nje ya mlango wa Wakili Usama Talib, hapa Chake Chake, juu ya duka la vitambaa la Mzee Mustansir, nikiandika maelezo ya wanawake waliofanya kazi katika nyumba za watu. Katika miaka hiyo yote sijaandika ya mwanamke hata mmoja ambaye mwajiri wake alikubali kuwa ni mwajiri. Wote ni mama. Wote ni shangazi na bibi. Pemba nzima, ukiwauliza wenyewe, haina mfanyakazi wa ndani. Ina watoto wa kulea wenye miaka arobaini.

Mjini wanamwita Wakili wa Jungu. Wanamwita hivyo mbele yake, kwa kucheka, na yeye hucheka nao, kisha akipanda ngazi hupiga mlango kwa nguvu mpaka kalenda yangu inaanguka. Wenzake aliosoma nao wana kesi za viwanja, za mirathi, za mikarafuu. Mmoja ana gari mbili. Wakili Usama ana miaka hamsini na sita na mkoba ambao kamba yake nimeishona mimi.

Alizaliwa Kengeja, baba yake mkulima wa muhogo. Alipokwenda kusoma sheria Unguja alikaa kwa jamaa wa baba yake, nyumba yenye neema, na humo alikuwamo mwanamke akiitwa Mwanawema. Ndiye aliyempikia, ndiye aliyemfulia, ndiye aliyemwamsha kwa sala ya alfajiri. Alikuwa nyumbani mle tangu kabla ya wenye nyumba kuoana. Siku alipofariki, watu walimzika vizuri, hawakupunguza kitu, mpaka ilipofika talkini. Msomaji aliinama kaburini akauliza jina la mama wa marehemu, maana ndilo analoitiwa maiti. Nyumba nzima ikatazamana. Hakuna aliyejua. Ikabidi aitwe Mwanawema binti Hawa, kwa vile sote ni watoto wa Hawa.

Wakili alinihadithia jambo hilo wiki yangu ya kwanza kazini, na hajalirudia tena. Aliniambia tu, "Moza, kila mwanamke anayeingia hapa, la kwanza umuulize jina la mama yake. Mengine yatafuata." Mpaka leo ndivyo ninavyoanza.

Kazi ya kuuliza ni yangu, kwa sababu mwanamme hawezi kukaa jikoni na mke wa mtu akamdodosa. Nami nakwambieni ni kazi ngumu, kwani hakuna karatasi. Hakuna mkataba, hakuna daftari la mahudhurio, hakuna chochote. Utathibitisha vipi kwamba mtu aliyelala nyumba moja na mwenziwe miaka ishirini alikuwa kazini? Wakili alitunga maswali yake mwenyewe. Nani anaamua uamke saa ngapi? Ukiumwa, nani anapika? Na swali lake kubwa, ambalo ndilo analojulikana nalo mahakamani na barazani: nyumba ilipokuwa na harusi, ulialikwa au ulitumwa? Jamaa hualikwa. Hupelekewa habari, hushona sare, hukaa ukumbini na wanawake wenziwe akapambwa kwa asumini. Mfanyakazi hutumwa. Mara kuni, mara maji, na wageni wakiondoka anabaki na masufuria.

Nimeona wanawake wakijibu maswali yote kwa haraka, wakifika hapo wakatazama sakafu.

Mwanapili alipanda ngazi zetu mwezi wa kwanza, mkono wa kulia umefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Kwao ni Makoongwe. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na ishirini na mbili kati ya hiyo ameimaliza Mkoani, katika nyumba ya Bi Laila, mjane wa mfanyabiashara, mwanamke anayeheshimika na, niseme kweli, mwenye heshima. Bi Laila hapigi mtu wala hatukani. Laiti angekuwa mkorofi kazi yetu ingekuwa nyepesi.

"Ilikuwa harusi ya Ummi, binti yake," Mwanapili aliniambia. "Bokoboko liko motoni tangu usiku, na mie ndiye mwenye mwiko. Bibi kaja jikoni, kanambia, 'Mwanapili, lipige, watu washakaa.' Mie n'kalipiga. Figa moja likateleza, jungu likanielemea."

Anayelijua bokoboko anajua kwamba si maji. Ngano na nyama zikishavurugika hugandama kwenye ngozi, na ukilifuta unaondoka na ngozi yenyewe. Alipoifungua ile kanga niliona vidole vinne vimekunjamana, vimeshikana na kiganja. Daktari alimwambia mishipa bado haijafa. Akipasuliwa kabla mwaka haujapinduka vitanyooka, akichelewa basi. Upasuaji wenyewe haufanyiki hapa kisiwani, ni mpaka Dar es Salaam, na kukaa huko wiki kadhaa.

"Bibi kasemaje?" nilimuuliza.

"Kanitia asali. Kanisomea. Kalia kuliko mie."

"Na Dar es Salaam?"

"Kasema tumwachie Mungu."

Wakili aliandika barua ya kudai fidia ya kuumia kazini, kiasi cha kutosha matibabu, hakuongeza hata shilingi ya machozi. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, limeandikwa na mtoto mkubwa wa kiume wa Bi Laila, maneno ya kizungu kidogo na ya kisheria kidogo. Lakini sentensi moja ilikuwa ya mama mwenyewe, niliijua kwa sauti yake: "Mwanapili ni mwanangu, na mtoto hafidiwi na mama yake."

Basi tukaenda kwenye usuluhishi. Kikao cha kwanza Wakili alisimama na swali lake akiwa na uhakika, kama mvuvi aliyekwisha kumuona samaki.

"Bi Laila, siku ya harusi ya Ummi, Mwanapili alialikwa au alitumwa?"

Bi Laila alitengeneza buibui lake pole pole. "Mtu wa nyumbani haalikwi, Wakili. Nawe nyumbani kwako kukiwa na harusi, mkeo humpelekea kadi?"

Watu walicheka. Msuluhishi mwenyewe, kijana mpole, alijificha nyuma ya faili akacheka. Miaka kumi na moja swali lile lilikuwa halijawahi kujibiwa, likajibiwa siku ile na mwanamke ambaye hakumaliza darasa la saba. Nilimuona Wakili akikaa bila ya kuangalia kiti kiko wapi. Msuluhishi akasema atatupa wiki nne tulete kitu, chochote, kinachoonyesha kwamba palikuwa na kazi hapa na si ulezi, la sivyo hana pa kushika. Akatupangia Jumatano. Jumamosi yake Bi Laila anasafiri kwenda Hija.

Hapo ndipo mwezi wa Hija unapoingia katika maisha ya wakili wa jungu, na mtanisamehe nikipandisha sauti. Kila mwaka, mahujaji wanapojitayarisha, faili zetu hufa kama kuku wa kideri. Anayekwenda Makka lazima atake radhi kwa kila aliyemkosea. Ni jambo jema, ni dini, silipingi. Lakini huja nyumbani kwa yule aliyemtumikisha, humwangukia, hulia, na yule maskini husema nimekuhalalishia, dunia na akhera. Kesho yake anapanda ngazi zetu kuja kuomba karatasi zake. Tumepoteza madai mengi kwa radhi kuliko kwa mawakili wote wa Unguja.

Bi Laila aliitisha dua ya kuaga siku ya Jumapili. Na mimi akanipigia simu mwenyewe. "Moza mwanangu, nawe uje. Siku ile ya kikao nilikukatia jicho, nataka unisamehe." Nikamwambia Wakili. Akafikiri akigonga kalamu kwenye meza. "Nenda," akasema. "Kaa karibu na Mwanapili. Ukiweza, umnong'oneze asiseme neno la kumhalalishia kabla ya Jumatano."

Sikuweza. Palikuwa na wanawake wapata arobaini, udi umejaa chumba, halua na kahawa zinapita. Dua ilipokwisha Bi Laila aliinuka akaanza kuzunguka, mtu mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinishika mikono yote miwili, akasema alilosema, na mimi nikamjibu nimekuhalalishia, Bi Laila, kwa sababu ungejibu nini kingine? Kisha akamfikia Mwanapili aliyekaa ubavuni mwangu. Akapiga magoti. Mwanamke wa miaka sabini, mbele ya chumba kizima, akaushika ule mkono uliokunjamana akaubusu.

"Mwanapili, umenitumikia miaka ishirini na mbili. Sikukupa siku ya kupumzika. Mkono wako huu umeungua katika kazi yangu, na mie ndiye niliyekutuma. Nihalalishie, mama, nisende kwa Mungu na mzigo huu."

Nilisikia kila neno. Kila neno ambalo kikaoni alilikana, alilisema pale kwa ulimi wake, mashahidi arobaini. Moyo wangu uliruka, nusura nipige kigelegele. Na kabla haujatua Mwanapili alikwisha kujibu, "Nimekuhalalishia, Bibi. Dunia na akhera." Chumba kizima kikalia. Hata mimi nililia, na hasira zangu zote.

Asubuhi yake Wakili aliponisikiliza alisimama, akakaa, akasimama tena. "Amekiri!" akasema. "Moza, amekiri! Kazi yangu. Niliyekutuma. Hilo ndilo neno lenyewe." Akamwita Mwanapili. Mwanapili alikaa pembezoni mwa kiti kama anayengojea kuondoka.

"Wakili, mie ulimi wangu nimeshaufunga kwa radhi," alisema. "Nikisema mie, nimeivunja, na hija yake ikiharibika n'taulizwa mie. Lakini..." Akautazama mkono wake. "Lakini masikio hayakuwa yangu peke yangu. Akisema mwengine, mie sitakanusha."

Nendeni mkatafute mwanamke shujaa zaidi ya huyo, mimi sijamuona. Hakuwa anataka kumuumiza mtu. Alitaka vidole vyake, na alikuwa ametuonyesha njia ya kuvipata bila ya yeye kuvunja neno lake. Alichohitaji ni mtu mmoja tu mwenye masikio.

Siku ya Jumatatu na Jumanne nilizunguka Mkoani, nikafika mpaka Wambaa alikoolewa mpwa wa Bi Laila. Nilipanda gari za shamba, nikatembea kwa miguu, nikanywa chai za watu saba. Wote walikuwapo, wote walisikia, na hakuna hata mmoja aliyekubali. "Neno la radhi halitolewi nje, Bi Moza." "Niende nikamtie mtu pingu naye yumo safarini kwa Mungu?" Mmoja, Mardhiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alinifungia mlango nikiwa bado natoa salamu. Nilimwambia kupitia mlango kwamba Mungu anawaona. Nilirudi nikiwatukana njia nzima, kimoyomoyo na si kimoyomoyo. Waoga! Wanapenda dua, hawapendi haki.

Wakili naye alikwenda kwa Shehe Abrahman, mwalimu wake wa chuo cha Kurani wa tangu utotoni, na huko alipata zaidi yangu. Shehe alimwambia waziwazi kwamba radhi haifuti haki. Mwenye kudhulumu hurejesha kwanza, ndipo akataka msamaha, na anayekwenda Hija na haki ya mtu mkononi amejibebesha mwenyewe. Wakili akamuomba aje aseme hivyo kikaoni. Shehe akakataa. Alisema atamwambia Bi Laila kwa siri, mtu na nafsi yake, wala hatapanda ngazi za ofisi kumfedhehesha mwanamke wa watu. Sijui kama alimwambia.

Jumanne magharibi Wakili alinisimamia mezani pangu. Hakukaa. "Moza," alisema, "sikutaka kukutumia wewe. Watasema ni karani wangu. Lakini sina mwengine." Nikamwambia, bila ya kuwaza, "Nitasema, Wakili. Kwa nini nisiseme?" Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Jumatano nilivaa buibui jipya. Mwanapili alikaa upande wetu, kanga imefunguliwa, mkono juu ya mapaja. Wakili akaniita, akaniuliza kama nilikuwapo kwenye dua ile, nikasema nilikuwapo. Akaniuliza nilisikia nini. Nikafungua mdomo.

"Msuluhishi," alisema Bi Laila kwa upole, "niruhusu nimuulize mwanangu huyu neno moja kwanza." Msuluhishi akamruhusu, hakuwa na sababu ya kumkatalia. Bi Laila akanigeukia. Hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Moza, siku ile kwangu, weye ulialikwa ama ulitumwa?"

Nikisema nilitumwa, basi niliingia kwenye dua ya mtu kama jasusi, nikala halua yake, nikalia naye, nikampa mikono yangu, na yote yalikuwa uongo; na maneno ya jasusi yana uzito gani? Nikisema nilialikwa, basi mimi ni mgeni, nimempa radhi kwa kinywa changu, na mgeni hatoki na la ndani ya nyumba. Niliwaza mama yangu akilisikia jambo hilo kwa watu. Niliwaza nitaingiaje tena harusi yoyote ya Mkoani. Yote hayo, nakuapieni, yalipita kwa muda wa kumeza mate. Jibu la kweli lilikuwa jepesi: vyote viwili, Bibi, na nilisikia. Maneno machache tu.

"Kulikuwa na kelele," nilisema. "Watoto walikuwa wakilia. Sikusikia vizuri."

Msuluhishi akaandika. Wakili hakuniuliza tena. Nilitazama upande wa Mwanapili nikamuona anaifunga kanga yake, pole pole, kwa mkono mmoja na meno.

Madai yalitupwa siku ile ile kwa kukosa ushahidi. Bi Laila alisafiri Jumamosi.

Alirudi salama, mwezi wa sita. Watu walikwenda kumpokea, na mimi nilialikwa, safari hii hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kukiri. Mwanapili alikuwa akipitisha sinia la tende kwa mkono wa kushoto, na watu wakichukua wakamwombea afya. Baada ya kahawa Bi Laila alimwita akae mbele yake. Alikuwa amemletea kidumu chake peke yake cha maji ya zamzam. Akakifungua, akamimina kiganjani, akaanza kuvipaka vile vidole kimoja kimoja huku akisoma, machozi yakimtiririka, akijaribu kuvinyoosha kwa upole wote alionao. Havikunyooka. Mwanapili alisema, "Ahsante, Bibi." Alisema kwa moyo, na mimi nilitaka ardhi inipasukie.

Kesho yake niliwahi kazini. Nikakaa, nikachapa mistari minne: jina langu, jina la mama yangu, kwamba nilikuwapo, na maneno ya Bi Laila yote kama alivyoyasema, mpaka lile la mwisho. Nikatia saini. Nikaiweka juu ya meza ya Wakili.

Alipokuja aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Nilingoja anifukuze. Ningeshukuru.

"Umeandika vizuri," alisema. "Tarehe tu ndiyo imeharibika."

Akafungua kabati, akatoa faili la Mwanapili, akaitia karatasi yangu juu kabisa, akalirudisha. Kisha akaniambia chini dukani kuna mtu anangoja tangu saa moja.

Alikuwa mwanamke wa Kengeja, mguu umefungwa bendeji, macho hayatui mahali pamoja. Nilimpa kiti na maji. Nilimuuliza jina la mama yake, nikaliandika. Nilimuuliza nani anaamua aamke saa ngapi, na akiumwa nani anapika. Nilipofika kwenye swali la harusi, nililiruka.